Serikali ikibisha hodi kwenye kampuni ya mtandao: kipi hutoka na kipi hubaki

SWALI: "Mimi ni mwandishi wa habari wa kujitegemea, nipo Dodoma. Natumia Gmail, WhatsApp na iPhone ya mtumba, na vyanzo vyangu hunitumia nyaraka kwa njia hizo hizo. Wenzangu wamegawanyika. Wengine wanasema serikali ikiomba tu, kampuni inakabidhi kila kitu. Wengine wanasema kampuni za Marekani haziwezi kutoa hata herufi moja kwa serikali za kwetu. Kampuni hizi zinatulinda vipi hasa, na mimi nifanye nini?"

JIBU:

Ndugu mwandishi, wenzako wote wamekosea, na kosa lao ni moja: wanazungumzia data kana kwamba ni kitu kimoja. Kampuni inashika data za aina nyingi, na kila aina ina kinga yake kisheria. Juu ya sheria kuna swali la kiufundi ambalo lina uzito kuliko mengine yote: ufunguo wa kusomea data hizo anao nani? Kama kampuni imebaki na ufunguo, kinga yako ni karatasi, mwanasheria wa kampuni na jaji. Kama ufunguo uko kwenye simu yako peke yake, kampuni haina cha kutoa hata ikilazimishwa. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuhamisha mambo nyeti kutoka kundi la kwanza kwenda la pili, na kujua ni yapi yasiyohamishika.

Tuanze na sheria ya Marekani, maana ndiyo inayozibana Google, Apple, Meta (mwenye WhatsApp) na Microsoft popote alipo mtumiaji. Sheria ya mawasiliano yaliyohifadhiwa, ya mwaka 1986, imeweka ngazi tatu. Ya chini ni taarifa za mteja: jina, anwani, namba ya simu, saa alizoingia na kutoka kwenye akaunti, anwani ya IP (namba inayokitambulisha kifaa au laini yake kwenye intaneti), tangu lini anatumia huduma, na anailipiaje, pamoja na namba ya kadi au ya akaunti ya benki. Kuzipata hizo, hati ya wito inatosha, na hati hiyo haihitaji kupita kwa jaji. Ngazi ya kati ni rekodi za mawasiliano, yaani nani alimwandikia nani na lini. Hapo inatakiwa amri ya jaji, baada ya mpelelezi kueleza mambo mahususi yanayoonyesha kwamba rekodi hizo zina uhusiano na uchunguzi wake. Ngazi ya juu ni maudhui: barua pepe zenyewe, picha, mafaili. Kwa hayo huhitajika hati ya upekuzi, na jaji lazima aridhike kwamba kuna sababu za msingi za kuamini kuwa humo kuna ushahidi wa uhalifu. Ngazi hiyo ya juu ilikazwa na Mahakama ya Rufaa ya Marekani, Mzunguko wa Sita, katika kesi ya Warshak mwaka 2010. Mwaka 2018, katika kesi ya Carpenter, Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ikasema kwamba hata historia ya minara ambayo simu yako ilijiunga nayo inahitaji hati ya upekuzi.

Hayo ni ya polisi na waendesha mashtaka. Ujasusi una mlango wake. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, inaweza kutuma barua ya usalama wa taifa bila kumwona jaji. Barua hiyo haiwezi kuchukua maudhui, lakini mara nyingi huja na katazo la kumwambia mteja. Na kifungu cha 702 cha FISA, sheria ya Marekani ya ujasusi wa kigeni, kinaruhusu kukusanya maudhui ya mtu asiye Mmarekani aliye nje ya Marekani bila hati ya upekuzi kwa kila mtu. Yahoo ilipinga mfumo uliotangulia kifungu hicho mwaka 2008, mbele ya mahakama ya siri. Ikashindwa, na nyaraka zilizofunguliwa mwaka 2014 zilionyesha kwamba serikali ilitishia kuitoza dola 250,000 kwa kila siku ambayo ingeendelea kukataa. Ukiwa Mtanzania uliye Dodoma, basi, hati ya upekuzi inakulinda dhidi ya polisi wa Marekani, haikulindi dhidi ya majasusi wake. Lazima ulijue hilo waziwazi kabla hujapanga chochote.

Sasa tuje kwa serikali za nje. Sheria ileile ya 1986 inaikataza kampuni ya Marekani kuipa serikali ya nje maudhui moja kwa moja. Njia ya kawaida ni ombi la kusaidiana kisheria: linapelekwa Wizara ya Sheria ya Marekani, linakaguliwa, kisha jaji wa Marekani anatoa hati ya upekuzi kwa kipimo cha Marekani. Safari hiyo huchukua miezi, na maombi mengi huishia njiani kwa sababu kosa linalochunguzwa, kwa mfano kumkashifu kiongozi, si jinai huko. Mwaka 2018 sheria ya CLOUD ilifungua njia ya mkato kwa nchi zenye mkataba maalumu. Mkataba na Uingereza ulianza kutumika Oktoba 2022, na wa Australia Januari 2024. Sheria hiyohiyo ilimaliza mabishano ya mahali ilipo seva, yaani kompyuta inayohifadhi data: kesi ya barua pepe ambazo Microsoft ilizihifadhi Ireland, iliyoanza mwaka 2013, ilifutwa kwa sababu bunge lilikwisha kusema kwamba kampuni ya Marekani inawajibika kutoa data ilizonazo hata kama ziko nje ya nchi. Anayekuambia "seva zetu ziko Ulaya, usijali" hajakuambia kitu mpaka akueleze pia kampuni imesajiliwa wapi na ufunguo anao nani.

Lakini katazo hilo ni la maudhui. Kwa taarifa za mteja, sheria ya Marekani haiizuii kampuni kumpa askari wa nchi nyingine. Inaiachia kampuni iamue. Hapa ndipo wenzako wa kundi la pili wanapoponzwa. Jina uliloandikia akaunti, namba ya simu ya kurejeshea nenosiri na anwani za IP ulizoingilia vinaweza kutolewa kwa polisi wa nchi yoyote ikiwa kampuni imeridhika kwamba ombi ni halali kwa sheria ya nchi hiyo na halikiuki viwango vya kimataifa vya haki za binadamu. Na kwa kumtambua mtu, anwani ya IP na namba ya simu mara nyingi vinatosha.

Ndani ya kampuni ombi linapitia mikono kadhaa. Linaingizwa kwenye mfumo maalumu wa vyombo vya dola, na anayeliingiza lazima awe na barua pepe ya kikazi. Mkaguzi anaangalia: ofisi hii ipo kweli? Aliyesaini ana mamlaka hayo kwa sheria ya kwao? Akaunti imetajwa moja kwa moja, au ni "wote walioandika kuhusu jambo fulani"? Kipindi kinachotakiwa ni kipi? Ombi la "data zote tangu akaunti ifunguliwe" hurudishwa lipunguzwe liwe, tuseme, kumbukumbu za kuingia za wiki mbili. Ombi lisilotaja kifungu cha sheria hukataliwa. Mkaguzi makini hutoa kilichoandikwa kwenye amri na si mstari mmoja zaidi, na huo ni ulinzi wa kweli, ingawa mtumiaji hauoni.

Kuna jambo moja linaloenda haraka kuliko yote hayo: ombi la kuhifadhi. Chombo cha dola kinaweza kuitaka kampuni ipige nakala ya akaunti kama ilivyo leo na kuitunza kwa siku 90, na kinaweza kuongeza 90 nyingine, wakati kinatafuta hati. Nakala hiyo haitolewi kwa yeyote mpaka hati ije, lakini imekwisha kupigwa. Mtu anayesikia fununu kisha akakimbilia kufuta barua pepe zake huenda anafuta kitu ambacho kimeshahifadhiwa pembeni. Hata pasipo ombi hilo, Google yenyewe inaeleza kwamba ukifuta kitu, kukiondoa kwenye mifumo yake huchukua takriban miezi miwili, na kwenye nakala rudufu (backup) zake hata miezi sita. Usafi wa data hufanywa mapema, kila mara, na wakati hakuna anayeuliza.

Mfumo huu wa karatasi una nyufa, na tatu kati yake zimewaumiza watu.

Ya kwanza ni ombi la dharura. Sheria inairuhusu kampuni kutoa data bila hati ikiamini kwa nia njema kwamba maisha ya mtu yako hatarini, kwa mfano mtoto ametekwa. Machi 2022 ilijulikana kwamba matapeli walikuwa wamevamia barua pepe za vituo vya polisi, wakatuma maombi bandia ya dharura, na Apple na Meta zilikuwa zimewapa anwani za nyumbani, namba za simu na anwani za IP za wateja. Barua ilitoka kwenye anwani halisi ya polisi, kwa hiyo kuikagua anwani peke yake hakukusaidia. Kinga inayofaa ni mkaguzi kupiga simu kwa namba aliyoitafuta mwenyewe, asiitumie iliyo kwenye barua, na kuzungumza na mkuu wa huyo anayeomba. Ukitaka kujua kampuni inachukulia jambo hili kwa uzito gani, tafuta kwenye mwongozo wake wa vyombo vya dola sehemu ya dharura, uone kama inadai jina la mkuu wa kituo.

Ya pili ni mtu wa ndani. Novemba 2019 Marekani iliwashtaki watu wawili waliokuwa wafanyakazi wa Twitter kwa kuifanyia kazi Saudi Arabia. Kwa mujibu wa mashtaka, mmoja wao alifungua taarifa za akaunti zaidi ya 6,000 mwaka 2015, miongoni mwao zikiwamo za wakosoaji wa serikali hiyo. Hakuna ombi lililotumwa wala jaji aliyeulizwa. Kampuni inayojali huwapunguzia wafanyakazi uwezo wa kuona data za wateja, huandika kila anayefungua akaunti ya mtu, na huweka mtu mwingine wa kuisoma hiyo kumbukumbu.

Ya tatu ni makosa ya saa, na hii inatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki. Kumbukumbu za kampuni karibu zote huandikwa kwa saa za UTC, saa rasmi ya dunia, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Tuseme kumbukumbu inasema 19:42:07. Kwetu hiyo ni saa 4:42 usiku. Mpelelezi akiisoma kama saa ya hapa, atauliza kampuni ya simu nani alikuwa na anwani hiyo ya IP saa 1:42 usiku, na atapewa mtu mwingine kabisa. Tena kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP kwa wakati mmoja, kwa hiyo bila namba ya poti (inayowatofautisha wateja wa anwani moja) na sekunde kamili, jibu linaweza kuwa orodha ya watu mia kadhaa au mtu asiyehusika. Ukiwahi kushtakiwa kwa ushahidi wa IP, mwambie wakili wako aombe kumbukumbu ghafi, aangalie kama saa ni ya UTC na kama poti imeandikwa. Jambo hilo dogo linaweza kubomoa kesi nzima.

Sasa tuje kwenye ufunguo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa San Bernardino, California. Baada ya mauaji ya Desemba 2015, FBI ilikuwa na iPhone 5C ya mmoja wa washambuliaji, imefungwa. Februari 2016 mahakama iliiamuru Apple itengeneze programu ya kuondoa kikomo cha kubahatisha namba ya siri. Apple ilikataa, na dunia nzima ikasikia. Jambo lililosikika kidogo ni kwamba Apple hiyohiyo ilikwisha kuwapa FBI nakala rudufu za simu ile zilizokuwa iCloud, hifadhi ya Apple ya mtandaoni, ya mwisho ikiwa ya tarehe 19 Oktoba 2015, kwa sababu nakala hizo zilikuwa kwenye seva zake na ufunguo ilikuwa nao. Mteja ni mmoja, kampuni ni moja, wiki ni zilezile: kilichokuwa kwenye seva kilitoka, kilichokuwa kwenye simu kiligomewa. Apple ilikuwa kama mwenye nyumba aliyebaki na ufunguo wa akiba wa chumba kimoja: akiletewa hati ya upekuzi ya chumba hicho, hana namna ila kukifungua. Machi 28 FBI iliondoa ombi lake baada ya kuifungua simu kwa msaada wa watu wengine.

Signal, programu ya ujumbe uliosimbwa, ililindwa na mpangilio wake yenyewe. Mwaka 2016 ilipata hati ya wito kutoka Virginia ikitaka majina, anwani na mawasiliano ya namba mbili za simu. Ilichoweza kutoa ni vitu viwili, tarehe na saa akaunti ilipofunguliwa, na siku ya mwisho ilipounganishwa na seva, na hivyo ni vya namba moja tu, kwani ya pili haikuwa na akaunti. Haikuhitaji ushujaa wowote mahakamani. Haikuwa na kingine.

WhatsApp inatumia usimbaji fiche wa aina ya Signal, wa mwanzo hadi mwisho (ujumbe hufungwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye ya mpokeaji tu), kwa ujumbe na simu zote tangu Aprili 2016, na maneno yako yakiwa njiani hakuna anayeyasoma, Meta ikiwamo. Tofauti iko kwenye yanayolizunguka neno. WhatsApp inaweza kutoa taarifa za akaunti, na kwa hati inayofaa, orodha ya namba zilizo kwenye simu yako. Inaweza pia kuamriwa kutoa, kuanzia siku ya amri na kuendelea, nani anamtumia nani ujumbe na saa ngapi. Kwa mwandishi hiyo ndiyo hatari yenyewe. Anayemtafuta chanzo chako hahitaji kusoma nyaraka. Inamtosha kujua kwamba namba ya ofisa fulani ilikuandikia mara kumi na moja juma moja kabla habari haijatoka.

Halafu kuna nakala rudufu, mahali ambapo watu wengi huvuja bila kujua. Gumzo za WhatsApp huhifadhiwa Google Drive au iCloud, na kwa kawaida nakala hiyo haina usimbaji wa mwanzo hadi mwisho. Tangu Oktoba 2021 unaweza kuuwasha: ingia mipangilio, kisha sehemu ya gumzo, kisha nakala rudufu, uchague nakala iliyosimbwa mwanzo hadi mwisho. Utaulizwa nenosiri, au utapewa ufunguo wa tarakimu 64. Uandike kwenye karatasi uuweke mbali na simu, kwani ukiupoteza WhatsApp haiwezi kukusaidia, na kutoweza huko ndiko kunakokulinda. Wenye iPhone wana mtego wa ziada: kama nakala rudufu ya simu nzima kwenye iCloud imewashwa, gumzo zako za WhatsApp huingia humo pia, zikiwa hazina usimbaji wa WhatsApp. Izime nakala ya simu nzima, au uilinde kwa njia nitakayoeleza sasa hivi. Na hata ukifanya yote hayo, uliyezungumza naye ana nakala yake. Kwa chanzo nyeti, washeni nyote wawili ujumbe unaojifuta.

Njia ya Apple ni ulinzi wa juu wa data (Advanced Data Protection), uliotolewa Desemba 2022. Ukiuwasha, aina za data za iCloud zilizosimbwa mwanzo hadi mwisho huongezeka (ulipotolewa zilitoka 14 hadi 23), na nakala rudufu ya simu, picha na madokezo huingia humo. Barua pepe ya iCloud, majina ya simu na kalenda havimo, wala havitaingia kwa kuwasha hicho. Kwa kuwa simu yako ni ya mtumba, anza kwa kuangalia toleo: unahitaji iOS (mfumo wa iPhone) 16.2 au zaidi, maana yake iPhone 8 na kuendelea. iPhone 7 iliishia iOS 15. Hakikisha akaunti ya mwenye simu wa zamani imeondolewa kabisa. Kila kifaa kilichoingia kwenye akaunti yako lazima nacho kiwe kimesasishwa, na aipadi moja ya zamani iliyosahaulika kabatini huzuia zoezi zima. Kisha fungua mipangilio, gusa jina lako, iCloud, na ushuke chini hadi utakapoona ulinzi huo. Utatakiwa kuteua mtu wa kukusaidia kurejesha akaunti au kupokea ufunguo wa herufi na tarakimu 28. Chukua vyote viwili.

Ulinzi huo pia una mpaka wake. Mapema mwaka 2025 iliripotiwa kwamba Uingereza, kwa sheria yake ya mamlaka ya uchunguzi ya 2016, ilikuwa imeiamuru Apple kwa siri iweke njia ya kuzifikia data hizo. Kampuni inayopewa amri ya aina hiyo hairuhusiwi hata kukiri kwamba imepewa. Tarehe 21 Februari 2025 Apple iliuondoa ulinzi huo kwa watumiaji wa Uingereza badala ya kuutoboa. Nauona uamuzi huo kuwa mchungu lakini wa heshima, kwa sababu aliyenyang'anywa ulinzi alijulishwa. Mlango wa siri ungewaacha watu wakiamini kitu ambacho hakipo.

Gmail haina njia ya kufanana na hiyo kwa mtumiaji wa kawaida. Google inashika ufunguo, na hati ya upekuzi ikija, barua zinatoka. Unachoweza ni kupunguza akiba. Kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya data na faragha, weka historia ya utafutaji na ya YouTube ijifute kila miezi 3. Historia ya mahali ulikopita nayo imebadilika: Desemba 2023 Google ilitangaza kwamba ramani ya safari zako itahifadhiwa kwenye simu yako mwenyewe, na nakala rudufu ukiitaka itakuwa imesimbwa. Kabla ya hapo polisi wa Marekani walikuwa wakiitaka Google iwape simu zote zilizopita eneo fulani saa fulani, na watu wasiohusika walikuwa wakinaswa. Kampuni ilijitoa yenyewe kwenye uwezo wa kujibu ombi hilo. Huo ndio ulinzi wa aina ninayoiamini.

Ukihamia Proton, huduma ya barua pepe ya Uswisi, ujumbe wako utahifadhiwa umesimbwa, lakini usidhani kwamba hutaonekana. Mwaka 2021 Proton iliamriwa na mamlaka za Uswisi, kwa ombi lililotoka Ufaransa, ianze kurekodi anwani ya IP ya mwanaharakati mmoja, ikatii. Mwaka 2024 barua pepe ya kurejeshea akaunti ndiyo iliyotolewa katika kesi ya Uhispania. Usiweke barua pepe yako ya kila siku kuwa ya kurejeshea akaunti ya siri.

Kuna na arifa zinazotokea juu ya kioo cha simu. Hizo hupitia seva za Apple au Google. Desemba 2023 seneta wa Marekani Ron Wyden alifichua kwamba serikali zilikuwa zikiziomba kumbukumbu zake, na baada ya hapo Apple ikaanza kudai amri ya jaji. Signal hutuma arifa tupu inayoiamsha simu tu, ili ujumbe usipite huko.

Yote haya yanahusu kampuni zilizo mbali. Kampuni iliyo na ofisi, leseni na wafanyakazi nchini iko katika hali nyingine kabisa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 32, inampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kutoa amri ya kukabidhiwa data bila kupitia mahakamani. Kenya, kwa sheria yake ya 2018, afisa anatakiwa aombe amri hiyo kwa mahakama. Tofauti hiyo ni kubwa. Jamii Media, wenye JamiiForums, walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2016 kukipinga kifungu hicho cha 32. Desemba mwaka huohuo mwanzilishi wao Maxence Melo alikamatwa, na moja ya mashtaka lilikuwa kuzuia uchunguzi kwa kutotoa taarifa za watumiaji. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani kwa shtaka hilo na kumpiga faini ya shilingi milioni 3. Hapo hakuna ufunguo wa kihesabu uliomlinda mtumiaji. Alilindwa na watu waliokubali kupanda kizimbani kwa ajili yake, na hilo si jambo unaloweza kulitegemea kwa kila mwenye tovuti.

Simu ya kawaida na SMS hazina siri mbele ya kampuni ya simu. Rekodi zake zinaonyesha namba mbili, saa, muda wa mazungumzo na mnara, na laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole. Hatari nyingine husahaulika: namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS inaweza kusomwa na mwenye mamlaka juu ya mtandao. Aprili 2016 wanaharakati wawili wa Urusi waliingiliwa akaunti zao za Telegram kwa njia hiyo, SMS zao zikiwa zimezimwa usiku. Kwa hiyo washa namba ya siri ya hatua mbili ya WhatsApp, ile ya tarakimu 6, na kufuli ya usajili ya Signal, leo hii. Na Telegram yenyewe, gumzo zake za kawaida hazijasimbwa mwanzo hadi mwisho. Ni zile za siri tu. Tangu Septemba 2024 kampuni hiyo inasema itatoa namba ya simu na anwani ya IP kwa maombi halali ya kisheria.

Utaona pia ripoti za uwazi ambazo kampuni hutoa, nyingi kila nusu mwaka. Google ilianza mwaka 2010. Zisome kwa makini: asilimia ya maombi ambayo "baadhi ya data zilitolewa" haisemi kama kilichotolewa ni jina moja au sanduku zima la barua. Maombi ya usalama wa taifa ya Marekani huandikwa kwa mafungu, kama 0 hadi 499. Na ripoti hizo hazihesabu kabisa simu zinazochukuliwa mkononi mwa mtu, wakati kwa mwandishi wa kwetu hiyo ndiyo njia iliyo rahisi kuliko zote. Weka nenosiri lenye herufi badala ya tarakimu 4, na uizime kabisa simu kabla ya kuingia mahali unapohofia. Simu iliyowashwa lakini haijafunguliwa hata mara moja ni ngumu zaidi kuvunjwa kuliko iliyofunguliwa asubuhi ikarudishwa mfukoni. Tangu iOS 18.1, iPhone iliyokaa bila kufunguliwa kwa siku tatu hujizima na kujiwasha yenyewe kwa sababu hiyo.

Mwisho, ikitokea umepata barua kutoka Google au Meta kwamba kuna ombi la kisheria juu ya akaunti yako. Kampuni kubwa hujulisha mtumiaji kabla ya kutoa data, isipokuwa zimekatazwa kisheria. Usibonyeze kiungo chochote ndani ya barua hiyo, kwa kuwa wezi huigiza barua za namna hiyo. Ingia kwenye akaunti mwenyewe kwa njia yako ya kawaida. Andika namba ya kumbukumbu, tafuta wakili siku hiyohiyo, na kupitia kwake omba nakala ya amri. Soma tarehe ya mwisho iliyotajwa: usipowasilisha pingamizi mahakamani kabla ya siku hiyo, kampuni itatii, na barua ya malalamiko uliyoiandikia kampuni haihesabiki kuwa pingamizi. Usifute kitu. Kufuta baada ya kujulishwa kunaweza kuwa kosa la jinai lenyewe, na nakala huenda imeshahifadhiwa. Usimwandikie chanzo chako kupitia akaunti hiyo wala namba hiyo. Kwanza zungumza na wakili, kisha mtafute chanzo kwa njia mliyokubaliana tangu mwanzo, na kama hamjakubaliana njia yoyote, fanyeni hivyo wiki hii.